Mizinga Haina Macho

Mchana wa Jumapili, tarehe 21 Julai 1861, makapteni wawili wa jeshi la Kaskazini, James Ricketts na Charles Griffin, walipandisha mizinga 11 juu ya kilima cha Henry, hapa Manassas, wakaipanga mita 300 hivi kutoka kwa adui. Askari wa miguu wa kuilinda walikuwa wachache, na hao wachache walikuwa wameanza kuyumba. Mara kikosi kikatokea ubavuni kikiwa na sare za buluu. Siku zile sare zilikuwa hazijatulia, na pande zote mbili zilikuwa na watu wa buluu. Griffin alitaka kukipiga. Mkubwa wake akamzuia, akiamini ni wenzao waliotumwa kuja kusaidia. Kumbe walikuwa watu wa Virginia, wa jeshi la Kusini. Walisogea mpaka karibu kabisa, wakafyatua bunduki zote kwa pamoja, na wapiga mizinga wakaanguka pamoja na farasi wao. Kuanzia hapo vita iliwageukia watu wa Kaskazini, na jioni walikuwa mbioni kurudi Washington.

Ninaishi Manassas kwa binti yangu, kilomita 50 hivi kutoka Washington. Uwanja ule wa vita ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1940, na juu ya kilima imepangwa mizinga ya zama zile kuonyesha mahali wapigaji walipokuwa. Wageni wengi hupiga picha kwenye sanamu ya Jenerali Jackson wa Kusini juu ya farasi, kisha huenda zao. Mimi hukaa kwenye mizinga. Nilikuwa askari wa mizinga wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika vita vya Kagera, mbeba redio wa afisa mwangalizi, na yaliyowakuta Ricketts na Griffin yalitukaribia sana kule Lukaya, Uganda, mwezi Machi 1979.

Watoto wa Watanzania na Wakenya waliozaliwa huku Virginia wakisikia babu alikuwa vitani huuliza aliua wangapi kwa bunduki. Nawajibu kwamba bunduki niliibeba zaidi kuliko nilivyoitumia. Kubeba bunduki na kumkaribia adui ni kazi ya askari wa miguu, na ndiye peke yake anayeweza kuchukua mahali na kukaa pale. Mzinga huvunja, lakini haukalii mji. Kifaru hupenya, lakini usiku kikiwa peke yake kijana mmoja mwenye roketi ya bega anatosha kukichoma. Sisi wa mizinga tulikuwa watu wa nyuma, na askari wa miguu hawakuchoka kutukumbusha. Nakumbuka kapteni mmoja wa kombania, mrefu, mkali, ambaye tulipangiwa kufuatana naye tulipofika mto Kagera. Alitutazama, afande wangu luteni na mimi na redio yangu mgongoni, akasema hana haja ya watu wa kubebwa.

Hakujua kazi yetu, na sikumlaumu, kwa sababu hata jeshini kila mtu huijua ya kwake. Mzinga wa wakati wa Griffin ulipigwa kwa macho. Mpigaji alimwona adui, akamlenga, na ndiyo maana ilibidi uwekwe mahali anapoonekana adui. Mizinga yetu ya milimita 122 ilikaa kilomita kadhaa nyuma, bondeni au nyuma ya mgomba, na wapigaji hawakuona chochote isipokuwa shamba lililokuwa mbele yao. Macho yao yalikuwa luteni wangu, na mdomo wa luteni wangu ulikuwa mimi. Yeye alikwenda mbele na askari wa miguu, na ramani, dira na darubini. Akiona adui, alinipa namba za ramani, nami nilizisoma redioni. Kule nyuma wapima walizigeuza kuwa mwelekeo na mwinuko wa mtutu. Likapigwa kombora moja la kupimia. Tukaona moshi ulikoangukia. Ongeza 200. Kulia 50. Jingine. Punguza 50. Likishakaa panapotakiwa, ndipo mizinga yote ilipiga kwa pamoja. Namba moja ikisomwa vibaya, kombora linaweza kuwaangukia wenzako, kwa hiyo kila namba ilirudiwa na aliyepokea kabla mtutu haujainuliwa. Hadi leo binti yangu akinitajia namba ya simu mimi huirudia yote kwa sauti.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameingia mkoa wa Ziwa Magharibi, unaoitwa Kagera sasa, mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni lake. Daraja la Kyaka juu ya mto huo lililipuliwa siku chache baadaye. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshazungumza na taifa. Sisi tulipanda treni mpaka Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Tulipofika mtoni, niliona kwa mara ya kwanza kwamba jeshi zima, pamoja na vishindo vyake vyote, linaweza kusimamishwa na maji. Vifaru vilikuwa vimejipanga chini ya miti. Mizinga imefunikwa majani. Askari wa miguu wamechimba mahandaki ukingoni. Na wote tuliwangoja wahandisi wa medani.

Hao wahandisi sijaona wakiimbwa. Walikuwa watu wa matope, wanaovua mashati, wanaobeba vyuma vizito usiku bila taa kwa sababu taa ingevuta mabomu. Waliweka daraja la muda, na walipomaliza hawakupumzika, walipita wa kwanza. Ng'ambo ya pili adui alikuwa ametega mabomu ardhini, na hayo hufukuliwa na mtu aliyelala kifudifudi akichokonoa udongo kwa ncha ya chuma, shubiri kwa shubiri. Nilimwona mmoja akifanya hivyo barabarani kuelekea Mutukula. Alikuwa ametoa kofia, jasho linamdondokea machoni, na hakulifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye chuma na wa pili juu ya bomu. Nyuma yake ulikuwa msururu wa magari usioonekana mwisho, na hakuna dereva aliyethubutu kupiga honi. Mutukula tuliuchukua Januari 1979. Jenerali David Msuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20, alipewa jina la utani la mji huo. Mtu yule wa kifudifudi sikuwahi kulijua jina lake.

Wengi wa askari wetu wa miguu hawakuwa askari wa kudumu. Nchi iliongeza jeshi lake kwa mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na askari magereza, ikafika zaidi ya watu 100,000 kwa miezi michache. Nasema haya kwa heshima. Mgambo aliyetoka shambani akafundishwa kwa wiki chache alitembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka Kampala, na wengine walikwenda mbele zaidi ya hapo. Lakini kuna jambo ambalo mafunzo mafupi hayalitoi, nalo ni kuvumilia kupigwa na kitu usichokiona. Jeshi lililoshindwa hapa Manassas mwaka 1861 lilikuwa hivyo hivyo. Wengi walikuwa wamejiandikisha kwa siku 90 tu, na vikosi viwili, kimoja cha New York na kingine cha Pennsylvania, viligeuza njia kurudi nyumbani siku ile ile ya vita kwa sababu siku zao zilikuwa zimekwisha. Jenerali McDowell, kamanda wao, alijua watu wake hawajaiva. Alishinikizwa kwenda, akaenda.

Baada ya Masaka, iliyoanguka mwishoni mwa Februari, barabara ya Kampala ilitupeleka Lukaya. Mtu aliyepita pale anajua: barabara imeinuliwa juu ya tope, kushoto mafunjo, kulia mafunjo, mwendo wa kilomita nyingi. Kwa askari wa miguu ni mahali pabaya. Kwa kifaru ni pabaya zaidi, kwa sababu hakiwezi kuacha lami. Adui alikuwa amepata msaada wa askari wa Libya waliokuja na vifaru vya T-55, magari ya deraya na makombora ya Katyusha. Vifaru vyetu upande ule vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Mchana wa tarehe 10 Machi luteni wangu alifanya jambo ambalo sikuliona maana yake mpaka usiku. Alichagua sehemu za barabara mbele yetu: kona, kalvati, mti mkubwa, nyumba ya bati. Tukaipima kila moja kwa kombora moja, kisha akaipa namba. Moja, mbili, tatu, nne. Kapteni wetu wa kombania alilalamika kwamba tunapoteza mabomu kwenye mti.

Jioni Katyusha za adui zilianza. Asiyewahi kuzisikia anadhani ni sauti ya bomu inayotisha. Bomu ni la mwisho. Kwanza ni ule mvumo wa makombora 40 yakitoka katika gari moja, yakifuatana, hewa yote juu yako ikipasuka. Mengi yalipita juu yetu yakaangukia nyuma. Lakini nyuma ndiko kulikotoka chakula, risasi na wenzetu, na mgambo walipoona moto nyuma yao walidhani wamezungukwa. Mstari ukakatika. Wengine waliingia kwenye mafunjo, wengine wakaifuata barabara kurudi Masaka, gizani, wakitupa mizigo. Siwezi kumcheka hata mmoja. Nilikuwa na redio mgongoni yenye mkonga mrefu unaomwambia kila adui mahali ulipo afisa, na magoti yangu yalikuwa yanakimbia nikiwa nimesimama.

Hapo ndipo tulipokuwa kama wale wa kilima cha Henry: macho ya mizinga, bila ukuta wa askari wa miguu mbele yake. Mwangalizi akikamatwa, mizinga yote nyuma inapofuka. Aliyetuokoa ni yule kapteni. Alikuwa amebaki na platuni moja tu, akaikusanya kwa kuita majina, akaiweka pande zote mbili za barabara mbele yetu, kisha akamgeukia luteni wangu na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama bado tuna ile mizinga.

Tulikuwa nayo. Vifaru vya Libya vilikuja taratibu juu ya lami, na gizani hatukuviona, tuliisikia minyororo yake. Luteni hakuhitaji ramani wala tochi. Alisikiliza, akasema, "Namba mbili." Nikaisema redioni, namba moja tu, ikarudiwa, na baada ya kitambo kalvati likawaka. "Namba tatu." Sina hakika tulivunja vifaru vingapi, na hesabu ya usiku si hesabu. Ninachojua ni kwamba vilisimama. Adui hakuteremka kwenda Masaka usiku ule, ingawa njia ilikuwa karibu tupu.

Yaliyofuata alfajiri ndiyo yanayonipandisha kwenye kilima cha Henry kila mara. Usiku, Brigedi ya 208 ilikuwa mbali na sisi, upande wa kaskazini magharibi. Iliamriwa kuzunguka, itembee gizani, iifikie barabara ya Kampala nyuma ya adui, kisha igeuke na kumpiga mgongoni, wakati wale waliorudi nyuma wakikusanywa upya na kusukumwa mbele. Sasa fikiri. Kumepambazuka, kuna ukungu juu ya mafunjo, na ndani ya darubini unaona watu wengi wenye silaha wanatokea upande ule ule unaotoka adui. Kutoka nyuma mizinga inauliza: tupige? Mabomu yamo ndani, mitutu imeinuliwa. Sare kwa mbali ni rangi ya tope tu.

Swali ni lile lile alilokuwa nalo Griffin mchana ule wa mwaka 1861: hawa ni wetu au ni adui? Griffin hakuwa na njia ya kulijibu ila kukisia, na aliyekisia alikuwa mkubwa wake. Sisi tulikuwa na ujumbe niliopokea usiku, uliorudiwa mara mbili, kwamba kukipambazuka mizinga isivuke mstari fulani wa ramani kwa sababu yoyote. Luteni aliuweka mkono wake juu ya kipaza sauti changu, akauacha pale. Kisha watu wale wakafungua moto, na walikuwa wanawapiga Walibya. Ndipo akaondoa mkono, na tukaanza kupiga upande wetu wa mstari. Adui alibanwa kati, juu ya barabara asiyoweza kuiacha. Kabla ya jioni Lukaya ilikuwa mikononi mwetu, na askari wa Libya walikuwa wamelala kando ya lami kwa makumi mengi, vijana wengi wao, mbali sana na kwao.

Vita ile ya tarehe 11 imenifundisha kuitazama hata kazi ya farasi kwa namna nyingine. Hapa Manassas, farasi wa Kanali Stuart wa jeshi la Kusini waliwavamia watu wa New York waliokuwa wakilinda mizinga ya kilimani, wakawavuruga. Kazi ya jeshi la farasi ilikuwa kuona mbali, kuzunguka haraka, na kumpiga adui pale ambapo hajajiandaa. Siku hizi Wamarekani huwapa kazi hiyo vifaru na helikopta, na baadhi ya vikosi vyao bado vina jina la farasi. Kule Lukaya kazi ya farasi ilifanywa na watu waliotembea usiku kucha, maji magotini, na mabomu ya kombora yamefungwa mgongoni. Kazi inabaki ile ile hata chombo kikibadilika. Kamanda asiye na chombo chake lazima ajue kazi ni ipi, ndipo atafute nani wa kuifanya.

Kuna kilima kingine hapa ninachokipenda kuliko cha Henry, nacho wageni wengi hawakifahamu. Kinaitwa Signal Hill. Asubuhi ya siku ile ya Julai, kapteni wa Kusini wa miaka 26, Edward Porter Alexander, alikuwa juu yake na darubini na bendera. Zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo, upande wa kijito cha Bull Run, aliona jua likimulika shaba ya mzinga, kisha ncha za visu vya bunduki. Akaelewa kwamba jeshi la Kaskazini linazunguka kushoto, mbali na Daraja la Mawe lilikotazamiwa. Kwa kupunga bendera moja kulia na kushoto alimpelekea habari Kanali Evans pale darajani, naye akahamisha watu wake wengi kabla hajazungukwa. Alexander alikuwa upande uliopigania utumwa uendelee, na mimi mjukuu wa bara lililouzwa siwezi kulipita hilo. Hata mitaro ya Manassas ilichimbwa na watumwa walioletwa kwa nguvu. Lakini kazi yake naijua mkononi mwangu. Kabla hajapunga alihakikisha alichokiona, alikisema kwa ufupi, na alimwambia mtu aliyeweza kufanya jambo.

Pale kilima cha Henry kuna nyumba, na karibu yake kaburi. Judith Henry alikuwa mjane wa zaidi ya miaka 80, hawezi kutoka kitandani. Ricketts alifyatuliwa risasi kutoka upande wa nyumba, akaigeuzia mizinga. Bibi yule alikufa siku hiyo. Huwa napita hapo kila mara, na kila mara naikumbuka Masaka. Tuliipiga kutoka vilimani, kisha tukaingia. Wapigaji wetu hawakuiona mpaka walipopita na magari yao katikati ya kuta zilizobaki, na niliona jinsi walivyonyamaza ndani ya gari. Mimi nilikuwa nimeshaona, kwa sababu kuona ilikuwa ndiyo kazi yangu. Watu wa Kagera walichinjiwa ng'ombe, wakaporwa, wakauawa, na hasira ya jeshi letu ilikuwa na sababu. Masaka nayo ilikuwa na bibi zake.

Mwishoni mwa Machi tulifika Mpigi, kwenye nchi ya juu. Kutoka pale Entebbe ilionekana, na ziwa nyuma yake. Mizinga ililetwa karibu, na ikaanza kupiga kidogo kidogo siku baada ya siku, nasi tukisahihisha. Luteni wangu aliwapandisha wapigaji kwa zamu, wawili wawili, akawapa darubini waone wanakopiga. Wengi wao hawakuwa wameona lengo lao tangu mto Kagera. Walibishana wao kwa wao kuhusu umbali, wakateremka wakiwa na maneno mengi.

Tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208 iliamriwa kuichukua Entebbe, na kombania yetu, iliyoongezwa kwenye brigedi hiyo, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Alfajiri magari yalikuwa yamewashwa, na sisi wawili tulikuwa bado tunabadilisha betri ya redio. Ofisa mmoja akamharakisha yule kapteni aondoke, akasema mwangalizi atafuata baadaye na kundi la pili. Kapteni akashuka kwenye gari, akaja mpaka tulipokuwa, akasimama juu yangu huku nikikaza skrubu. Akasema hatoki hapo bila hawa, na kama betri itachukua saa nzima basi Entebbe itangoja saa nzima. Haikuchukua hata dakika kumi. Akanipokea mfuko wa ramani ili nipande gari kwa urahisi, tukaondoka.